Nilijifanya Sikumwelewa Mzee Nestori

Jumatano jioni. Mvua imekatika, ziwa bado limejificha kwenye ukungu, na mimi nimekaa kibarazani hapa Gungu na grisi kwenye kucha. Chai imepoa bila kuguswa.

Nimemwonea mtu. Naandika hivyo moja kwa moja, maana nikianza kuzunguka nitajitafutia visingizio, na visingizio ninavyo gunia zima.

Miezi miwili iliyopita Bi Mwajuma, anayenunua dagaa Ilagala na kuwauza mjini, aliniletea pikapu yake gereji. Ilikuwa inakosa nguvu. Yeye alishaamua sababu kabla sijafungua boneti: dereva wake, Mzee Nestori, anauza dizeli njiani na kujazia mafuta ya taa. Ndiyo siku zile wakimbizi wapya walikuwa wanashushwa bandarini kila kukicha, na mji mzima ulikuwa na maneno. Kikipotea kitu, basi amechukua Mrundi. Na Mzee Nestori ni Mrundi, ingawa aliingia nchi hii akiwa amebebwa mgongoni na mama yake na sasa ana wajukuu.

Mama yangu pia ni Mrundi.

Hapa kwenye blogu nimeandika habari za betri, plagi na madereva wasumbufu, lakini hili sijawahi kuliandika. Pale gereji nikiulizwa kwetu wapi nasema Kasulu. Lafudhi inanilinda, Kiha cha huko na Kirundi havijaachana mbali.

Siku ile Mzee Nestori, nadhani lafudhi haikumdanganya, alinisalimia, "Mwaramutse," akanieleza kwa Kirundi, taratibu, kama mtu anayemweleza daktari. Kwamba gari likiwa tupu halina neno. Kwamba hufa likiwa na mzigo, kwenye mlima, injini ikishapata moto, na ukilizima kidogo linarudi uzima. Nilielewa kila neno. Lakini Bi Mwajuma alikuwa amesimama pembeni yangu, ananitazama, na siku zile aliyeitikia Kirundi, hata awe wa Kasulu, aliulizwa kwao hasa ni wapi.

Nikasema, "Sielewi, Mzee. Sema Kiswahili."

Bi Mwajuma akacheka. Mzee Nestori anakijua Kiswahili kunishinda, ila nadhani aibu ilimkaba. Akasema tu, "Linakosa nguvu, fundi."

Nilichomeka mashine ya kupimia. Ikaonyesha hitilafu kwenye sensa ya tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini. Sensa ndiyo inayoiambia kompyuta ya gari mkono wa tabo umefika wapi, ili hewa iende kwa kiasi chake. Nikaifuta ile hitilafu, nikazunguka nalo mtaa wa Rusimbi, barabara ya tambarare, gari tupu, injini ya baridi. Likaenda vizuri tu. Ningefanya alivyonieleza ningekuwa nimekiri kwamba nimemwelewa.

Niliporudi, Bi Mwajuma akauliza mbele ya madereva wote wa kijiwe kilicho mlangoni petu: "Kwa hiyo ni mafuta, si ndiyo?"

"Inawezekana," nikajibu.

Neno lenyewe ni hilo tu. Kabla ya adhuhuri ilikuwa imeshakuwa "fundi amethibitisha". Mzee Nestori akanyang'anywa ufunguo palepale. Tangu siku hiyo hakuna tajiri wa mji huu anayempa gari.

Leo pikapu imerudi na ugonjwa uleule. Dereva ni mwingine, shemeji yake Bi Mwajuma, na dizeli Bi Mwajuma anasimamia mwenyewe ikiwekwa. Sikuwa na pa kujificha. Nikaomba lipakiwe magunia, nikachomeka mashine, tukapanda mlima wa kutoka bandarini. Katikati ya mlima namba ya sensa ikaganda na gari likaishiwa pumzi. Nikafungua boneti, nikautikisa waya wa sensa kwa fimbo, namba ikaruka. Waya ulikuwa umesuguliwa na chuma hadi shaba ikaonekana. Injini ikipata moto na kucheza, shaba inagusa chuma, kompyuta inapokea uongo na kuipunguza tabo.

Nusu saa. Ilitaka nusu saa na kumsikiliza mtu.

Nilimwonyesha Bi Mwajuma ule waya. Aliutazama, akasema, "Basi tumemwonea yule mzee." Nikasema ndiyo. Akasema mzee aje gereji kesho asubuhi achukue ufunguo, arudi kazini. Sikutegemea angekubali haraka vile, na hilo likaniuma zaidi, maana hata siku ile pengine angenisikiliza.

Nikapanda bodaboda hadi Kibirizi. Siku hizi Mzee Nestori anabeba magunia pale, anapakia maboti. Nilimkuta kichwa chake kimejaa unga wa muhogo, nikampa shikamoo.

"Marahaba, fundi." Kwa Kiswahili.

Nikamweleza habari ya waya, nikamwambia kazi yake ipo. Alijipangusa unga polepole.

"Kazini nitarudi, nina watu wa kulisha. Lakini yale maneno yalisemwa kijiweni, wenzangu wote wanasikia. Nani atakwenda kuyaondoa?"

"Mimi, Mzee. Kesho asubuhi."

"Haya. Na siku ile ulinielewa, mwanangu. Nilipokuwa naeleza habari ya mlima ulikuwa unaitikia kwa kichwa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Alijua. Miezi miwili amebeba magunia akijua, na hakwenda kumwambia mtu yeyote mimi ni nani. Angesema neno moja tu angenivua nguo mjini hapa, kama nilivyomvua yeye.

Naogopa. Bi Mwajuma atakuwepo, madereva watakuwepo, na kuanzia kesho kikipotea kitu gereji najua macho yataenda wapi. Kuhusu waya nitasema bila shida, waya ni kazi yangu. Kinachonitetemesha ni kinachotangulia.

Atakapofika kijiweni, mimi ndiye nitakayeanza kumsalimia na kumwomba msamaha, kwa Kirundi na kwa sauti ya kusikika: Mwaramutse, Mzee Nestori. Mumbabarire.