Ghorofa ya Juu Haikufungwa

Matsue, Japani
14 Novemba 2019

Mpendwa Dada Chizuko,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye baridi. Wewe na shemeji Tadao hamjambo huko Brazili? Na ule mgongo wake? Sisi wazima, tumbo langu ndilo limezidisha uzima. Baba hajambo, ila magoti.

Dada, nina jambo la kuungama.

Jumapili nilimpeleka baba ngomeni. Alitaka kufika ghorofa ya juu kabisa, pale alipomposa marehemu mama wakitazama ziwa. "Iwe mwaka huu, Masanobu," alisema. "Mwakani magoti hayatanipa ruhusa." Alifunga hata tai.

Tukavua viatu mlangoni, tukavibeba kwenye mifuko. Zile ngazi unazijua: zimesimama kama za kupandia darini, na soksi zinateleza. Baba akipanda kipandio, anapumzika, anapanda, anapumzika. Nyuma yetu watu wakajaa. Hakuna aliyelalamika, lakini unatujua tunavyoogopa kusumbua watu. Nikawa nainama tu, "Samahanini, samahanini," utadhani nimewavunjia sahani. Kufika ghorofa ya tatu uso unaniwaka. Nikasema, "Baba, huko juu wamefunga. Kuna matengenezo."

"Aa," akasema. "Basi." Tukashuka.

Mlangoni akamuuliza mama mmoja mhudumu, "Matengenezo yataisha lini, mama?"

"Matengenezo gani, mzee? Juu kuko wazi! Kwani hukupanda?"

Nikainama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba.

Baba akacheka. "Najua, najua. Nilimtuma mwanangu aseme hivyo. Mimi sioni haya kushindwa na ngazi, ila hii tai ndiyo inayoona haya."

Yule mama akacheka mpaka akashika mbavu. Tulipotoka nje baba akanigonga bega. "Haya, fundi, twende tukale tambi." Akala zote, wala hajaligusia tena.

Bila shaka barua hii itakukuta amekwisha kukupigia simu, akakwambia kulifungwa. Usimbishie. Lakini ujue aliyefunga ni mimi. Na wale wageni wote ngazini niliwaomba radhi, mmoja mmoja. Baba ndiye bado sijamwomba.

Msalimie shemeji, na mpwa wangu Marisa. Mwambie mjomba bado ana nywele, tena anazijua kwa majina. Wazee wetu waliotangulia wawaangalie kwa jicho jema.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye hata akiona haya,
Masanobu