Halwa ya Matar na Kiti Chako cha Jimbo

Wembley, London
14 Machi 2004

Mpendwa mdogo wangu Ummukulthum,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi hii isiyojua kwao. Presha yako imeshuka? Dawa unakunywa mwenyewe, au unawagaia wageni wa jimboni kama kawaida yako? Mimi goti linanisumbua, lakini kazini naenda, wazee wa watu nawaogesha, alhamdulillahi.

Sasa nisikilize. Jumapili iliyopita alinijia binamu yetu Matar. Tangu nihamie Wembley hajawahi kunigongea mlango, hata nilipofiwa na mume wangu. Safari hii kaja na kofia mpya, na wazee wawili, na halwa ya kijikapu, kama waletao posa. Nikajiuliza, nani anaolewa humu ndani?

Kumbe anayeposwa ni wewe. Anasema chama kinataka kukupunguzia mzigo: uchaguzi ujao uliachie jimbo, upewe kiti maalumu, urudi Baraza la Wawakilishi bila kuomba kura wala kutembea juani. Eti nikushauri mimi dada mkubwa, maana kwangu huna la kukataa. Maneno matamu! Lakini kiti hicho kinagawiwa na chama, na siku ukiuliza swali wasilolipenda watampa mwingine.

Nikamuuliza jimbo lako atagombea nani. Akaisifu chai yangu. Chai yenyewe sikuwa nimeitia sukari.

Halwa sijaigusa. Mila zetu nazijua: ikishaliwa, itasemwa nimekubali. Iko juu ya friji, kama ilivyokuja.

Juzi mke wa Matar, Suad, akanipigia simu kuniomba dua kwa ajili ya kaka yake Shaame, yule wa dukani Stratford. Ameacha kazi, anarudi nyumbani kuwatumikia watu wa jimboni. Jimbo gani? Lako! Alipogundua kuwa sikuwa nimeambiwa, akasema mtoto analia, akakata. Mtoto wao wa mwisho yuko chuo kikuu.

Hasira zilinipanda, kisha nikacheka peke yangu. Halafu kicheko kikakatika, maana nilikumbuka jambo. Matar alisema umechoka, usiku hulali, ukirudi mikutanoni miguu imevimba. Hayo ulinambia mimi tu, ukaniapisha nisimwambie hata Mama. Kwangu hayakutoka.

Kulthum, ni wewe uliyemtuma? Uliona haya kuniomba mwenyewe radhi ya kuliachia jimbo?

Mdogo wangu, nimeumia. Kama umechoka, pumzika, radhi zangu unazo. Lakini wale akina mama walioacha mwani wao pwani wakaja kukupigia kura, watoto mgongoni, waambie wewe kwa mdomo wako. Wasije wakamwona Shaame jukwaani ndiyo wajue.

Nisalimie Mama, shemeji Soud na watoto wote. Mungu akulinde na maadui, na akulinde zaidi na jamaa, nami nikiwemo kama nimekudhania vibaya.

Dada yako akupendaye, asiyetoka karibu na simu,
Sheikha