Maji ya Kaburi la Mama Anna

Nina miaka themanini na moja. Nimezika kaka zangu wote, nimezika wake wawili, nimeona mikorosho niliyoipanda kwa mkono wangu ikizeeka ikakatwa kuni. Mimi bado natembea bila fimbo. Huku Newala hakuna wa kunibishia.

Leo Jumapili. Asubuhi ukungu umelala mpaka siuoni mlango wa jirani. Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu, herufi zinanikimbia, lakini mnaosoma ukurasa huu mmeshanizoea. Asiyenizoea aache.

Juzi tumemzika Mama Anna.

Kwa asiyemjua, alikuwa nesi wa zahanati yetu, huku upande wa Kitangari. Myao wa Chidya, kule Masasi. Alikuja binti mwembamba, nikasema huyu hamalizi kiangazi. Akamaliza viangazi vyote mpaka akastaafu, na alipostaafu akakataa kuondoka. Nusu ya watu wanaonisalimia njiani kawapokea yeye kwa mikono yake.

Mimi Mmakonde, yeye Myao. Watani. Wazee wote aliwaamkia magoti chini, ila mimi. Alisema nitaipata shikamoo yake siku nitakayofanya kazi ya maana. Na mimi nikamwambia, siku Myao atakaponishinda, nitamwamkia yeye, mzee mzima nilivyo. Tukaishi hivyo.

Sasa sikilizeni habari ya maji. Huku juu maji ni shida toka kwa mababu. Zamani zile mwanamke akienda kujifungua zahanati alikwenda na debe lake la maji. Yaani kalipandisha mwenyewe kutoka bondeni, tumbo mbele. Sisi waume tulifuata nyuma, mikono mitupu.

Mama Anna hakutufokea. Alisimama kwenye kikao cha kijiji akasema anatuonea huruma Wamakonde, maana vichwa vyetu vimechongwa vibaya, debe haliwezi kukaa. Watu wakacheka. Alikuwa ananitazama mimi.

Mke wangu siku hizo alikuwa na mimba ya binti yangu Zuhura, miezi imetimia. Kesho yake nikasokota ngata, nikashuka bondeni, nikapanda na debe mpaka zahanati. Sio kwa mzegazega begani, sio kwa baiskeli. Kichwani. Halikumwagika hata tone. Mimi ndiye mwanaume wa kwanza huku juu kote, na wengine walifuata kwa sababu hakuna aliyekubali niwe mwanaume peke yangu.

Alipotupata hapo, hakutuachia. Alikwenda halmashauri mpaka wakawa wanamjua kwa mlio wa viatu. Zahanati ikapata mabati mapya, mifereji, na tangi la maji ya mvua. Na mchanga wa kujengea tulibeba sisi sisi, wenye vichwa vibaya.

Nilijua ananitumia. Nilijua toka siku ile ya kikao.

Nilipenda.

Moyo ulianza kumsumbua toka masika. Yeye nesi, alijua unakwendaje. Wiki iliyopita ukasimama. Ndugu zake wakaja na gari wamchukue akalale Chidya, karibu na kaburi la mama yake.

Mimi nikasema hatoki. Huyu wetu, alale huku juu tulipo. Gari lilipowashwa nikajilaza barabarani mbele yake.

Msibani mtani ana haki hiyo. Anaziba njia, anatukana kidogo, anapewa kitu kidogo, anapisha. Lakini mimi sikuwa natania, na watu waliona. Dereva akazima gari. Mwenyekiti wa kijiji akanibembeleza, shehe akanibembeleza, nikafumba macho. Vijana wakataka kuniinua, nikawaambia atakayenigusa nitamfia mikononi.

Ndipo akashuka mdogo wa marehemu, Mama Neema. Akachuchumaa vumbini karibu na sikio langu.

“Mtani, dada alisema utalala hapa hapa.”

Nikafumbua macho.

“Akasema tukikukuta umelala tukwambie hivi. Kaburi linataka maji ya kukorogea saruji. Na kichwa chako anakijua, kibaya, ila hana kingine.”

Sikuamka papo hapo. Nilikaa pale na jua machoni, maana mzee kama mimi hawezi kuinuka barabarani uso umelowa. Halafu nikainuka, nikaenda kwenye tangi la zahanati, nikajaza ndoo.

Njia nzima niliishika mapajani ndani ya gari lao. Tulipofika Chidya, Mama Neema akanipa kanga yake nikasokota ngata, nikajitwika mwenyewe kutoka barabarani mpaka makaburini. Wayao wakacheka wazi wazi. Mmoja akaniuliza kama kwetu wanawake wamekwisha.

Nikamwambia wapo. Wamepumzika.

Fundi akakoroga saruji kwa maji yale. Kwa hiyo Mama Anna amelala kwao, lakini amefunikwa na mvua ya kwetu. Mimi nimeridhika, na yeye ndiye aliyepanga niridhike hivyo.

Walipomaliza nikapiga magoti pale kwenye udongo. Nikasema kwa sauti, wote wasikie.

“Shikamoo, Mama Anna.”

Halafu Mama Neema akamjibia dada yake, bila kucheka.

“Marahaba, mtani. Umechelewa.”

Wapo watakaosema mzee ameongeza chumvi. Haya, muulizeni Mama Neema, yupo Chidya. Muulizeni dereva Hamisi, aliyezima gari. Na hao msipowaamini, nendeni stendi ya Newala kwa binti yangu Zuhura, anauza vitumbua. Yeye ndiye aliyeogeshwa kwa debe lile la kwanza. Atawaambia yote ni kweli, ila atasema nilimwaga nusu njiani.

Hilo msimwamini. Alikuwa hajazaliwa.