Matundu Yanayolingana

Kwako dada,

Nakusalimu. Natumaini wewe na watoto mko wazima, na mgongo wako umepunguza kukusumbua. Ukitaka kujua hali yetu, mimi na baba Bonge tunaendelea vizuri, na Bonge mwenyewe tumbo limetulia. Amerudia kulamba bakuli mpaka nimnyang'anye. Nimeanza na salamu kwa sababu mama alitulea hivyo. Moyoni sina salamu na wewe, na nimeona niandike kwa kuwa nikija huko utanikatiza kabla sijafika neno la pili, kama kawaida yako.

Nimesikia umemfukuza Kengele. Amenieleza mwenyewe, amekaa kwenye ngazi yetu, ile baiskeli yake isiyo na breki imeegemea ukuta. Anasema ulimwita mbele ya wateja ukamwambia ana mdomo kama bomba lililopasuka, kwamba ni yeye aliyekuchongea kwa Bibi wa Geti la Kijani, ndiyo maana yule bibi na majirani zake wameacha kuchukua mboga kwako. Mzee wa watu amekubebea matenga tangu hujawa na duka, leo anaapa mbele yangu kama mwizi. Nakuomba usome mpaka mwisho, halafu umrudishe kazini.

Dada, wa kwanza kukuamini nilikuwa mimi. Nilipojifungua ulikuja ukakaa kitandani kwangu, ukaniambia nimtazame vizuri huyu kiumbe, mwili mdogo hivi hauwezi kubeba sumu za watu, alishwe vitu vilivyooteshwa kwa samadi, visivyopigwa dawa. Mimi shule niliiachia njiani, wewe umekaa kwenye semina na una vyeti ukutani. Nikayashika maneno yako kama dawa ya daktari. Alipoanza kula, kila alichoonja kilitoka kwako, mchicha, karoti, viazi. Jirani alinicheka kwamba namlea mtoto kama yai. Nikamjibu kwamba afadhali yai, yeye wake anamlea kama jiwe. Hatusalimiani mpaka leo, kwa ajili ya mboga zako.

Nikaja kukusaidia kuosha na kufunga mafungu, Bonge mgongoni. Hapo ukagundua kwamba mashavu ya mwanangu yanauza. Mteja akisita ulikuwa unanishika bega unanigeuza kama mtu anavyogeuza kiti, ili amwone mtoto, ukisema huyu hajawahi kuonja jani lenye dawa tangu azaliwe. Ukambandika na picha mlangoni. Nilifurahi, siwezi kukataa. Nilijiona mama wa maana.

Kisha akaanza kuharisha na kutoka vipele shingoni. Ukasema meno hayo. Nesi wa zahanati aliniuliza mtoto anakula nini, nikajibu kwa maringo kwamba anakula vya asili tupu, vya dada yangu. Akauliza kama shamba lenyewe nalijua. Nilimnunia, nikamwambia dada yangu si mtu wa kutiliwa shaka. Lakini njia nzima swali lake lilinifuata, maana shamba kweli silijui. Ninayoijua ni bustani yako ya nyuma tu, na ile haijazi hata tenga moja la Kengele.

Basi nikaanza kuangalia. Maji ya beseni yalikuwa yanaacha unga mweupe chini, na vidole vyangu vinawasha mpaka jioni. Mchicha unaingia asubuhi laini kama kitambaa kipya, haujaguswa na kitu, halafu ukifika kwenye mafungu una matundu. Siku niliyokuja kutafuta kamba stoo nilikukuta umekaa juu ya ndoo, ubao mapajani, unatoboa majani kwa mrija wa kalamu. Umewafundisha wateja kwamba jani lililoliwa na mdudu ndilo lisilo na sumu, na mdudu alipokosekana ukaamua kuwa mdudu mwenyewe. Wala hukushtuka. Ulisema kila biashara ina mapambo yake, na mboga za soko la jumla watu wote wanakula na bado wanatembea. Nikakuuliza, na Bonge je? Ukapuliza vile viduara vya kijani vilivyobaki ubaoni.

Hata hilo ningelimeza, dada. Ningesema shida zimekubana. Lakini kuna kile kitanda cha mboga nyuma ya tangi la maji, ulichotukataza kuchuma ukidai ni cha mbegu. Jioni ileile nilimkuta binti yako mkubwa anachuma pale mboga ya usiku. Akanieleza bila kuficha, hana hatia yule, kwamba kwenu hamli zile za dukani, mama amekataza. Kwa hiyo ulijua. Wanao uliwawekea chao, na wangu ukamfanya kibao cha duka, na hata kibao hukukilisha chakula safi.

Sasa nikwambie aliyesema. Si Kengele. Ni mimi.

Bibi wa Geti la Kijani alikuja wewe ukiwa sokoni. Mjukuu wake ndiyo kwanza anaanza kula. Hakuuliza habari za dawa wala za shamba. Alimtazama Bonge mgongoni mwangu, akaniuliza kama mama kwa mama, ningekuwa ni mimi, ningempa mtoto mboga hizi? Neno “ndiyo” lilikuwa limeshafika mdomoni, dada, nimezoea kulisema. Nikasema hapana. Nikampa jani, nikamwambia alikunje aweke tundu juu ya tundu, aone huyo kiwavi mwenye nidhamu anayekula kwa kipimo. Alianza kucheka. Halafu akaacha, akarudisha fungu mezani, akaenda zake.

Sijutii. Mama amenitumia ujumbe niwe upande wako kwa kuwa damu ni damu. Nimemjibu kwamba na huyu niliyembeba ni damu.

Usimguse tena yule mzee. Mwite, na umwombe radhi mbele ya walewale wateja. Na ile picha ya mlangoni itoe leo, usisubiri nije kuibandua mwenyewe.

Mimi nimepanda mchicha kwenye ndoo mbovu na makopo ya rangi hapa uani, baba Bonge ameyatoboa chini kwa msumari. Jana nimekuta majani yameliwa, tundu moja dogo kama dengu, jingine limekwenda na nusu ya jani. Nikamtoa kiwavi kwa mkono, nikamwekea jani lake pembeni. Bonge amekula yaliyobaki.

Ukiamua kuipanua ile bustani ya nyuma uuze mboga za kweli, niite, nitakuja kuosha, kwa maana mikono yangu haijasahau kazi. Bonge nitamwacha nyumbani. Siku ukitaka kumwona, njoo kama mama mkubwa wake, mikono mitupu.

Wasalimie watoto wote, hasa binti yako, na usimchape kwa alichoniambia.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Bonge