Nilitamka Kama Naongea na Sanamu

Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba unisikilize maana sina mwingine wa kumwambia, mimi ni binti wa mwaka wa nne wa udaktari, naishi peke yangu chumbani tangu mwenzangu alipoolewa, na chuoni tunajifunza altrasaundi kwa sanamu ya mpira yenye umbo la mama mjamzito, unapaka jeli, unapitisha kifaa tumboni, mtoto anaonekana kwenye skrini na kompyuta inakupa alama. Wenzangu wakienda kula mimi nabaki nayo, nimeizoea hadi naisalimia, na alama zangu hakuna anayezifikia.

Wiki tatu zilizopita tukaingia wodini, na mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama wa mimba ya miezi saba aliyekuja peke yake, akaniambia, "Mwanangu, tangu juzi hachezi, hebu niangalizie." Nikaangalia, nikaona upesi kwa sababu zoezi hilo nimelifanya mara nyingi kwenye sanamu, nikatamka kwa sauti huku macho yangu yako kwenye skrini, "Mapigo ya moyo hakuna." Mwalimu akanisogeza, akapima mwenyewe, ikawa kweli. Yule mama hakulia, alikamata shuka tu, akaniuliza mimi, si mwalimu, "Sasa baba yake nikamwambie nini?" Shangazi, nikatoka mbio nikajifungia chooni.

Tangu siku hiyo nasema naumwa, wodini siendi, nashinda na sanamu, na juzi nilijikuta nimeilalia tumboni nalia. Mama yangu akipiga simu namwambia niko salama. Nataka kuacha masomo. Nifanyeje?

Mimi, Mtoro wa Wodini

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na sasa ngoja nikugombeze kidogo.

Macho yako hayakukosea. Ulikosea kwa mdomo, na kosa kubwa zaidi ni la miguu: mtu kakuuliza swali zito kuliko yote maishani mwake, wewe ukamwonyesha mgongo. Halafu unakimbilia kwa sanamu kwa kuwa haiulizi kitu! Hiyo si toba, ni kujificha.

Kesho asubuhi nenda kwa mwalimu wako, mwambie huumwi, unaogopa. Umwombe mkunga wa wodi amuulize yule mama kama yuko radhi kukuona. Akikataa, heshimu, usimfuatefuate. Akikubali, mwombe radhi kwa maneno machache, na usimlilie akaanza kukubembeleza wewe. Mazoezini, mwenzako mmoja asimame upande wa kichwa cha sanamu awe ndiye mama, akuulize, akukatize, alie, na wewe ujibu ukimtazama usoni. Na mama yako mzazi umwambie ukweli leo hii. Umejifungia na mpira wakati aliyekuzaa yupo hai!

Kuacha masomo, futa kabisa. Aliyeumia hivi kwa uchungu wa mtu asiyemjua ndiye tunayemtaka wodini.

Mimi nawe tuambizane kitu ambacho sijawahi kukiandika hapa. Mtoto wangu wa pili nilimpoteza tumboni. Daktari aliyenipa habari hata sura yake siikumbuki. Ninayemkumbuka ni muuguzi mmoja aliyevuta kiti akakaa nami mpaka ndugu zangu walipofika.

Nenda, mwanangu. Kavute kiti.