Niliwaombea Wapiga Kura, Mimi Sikupiga

Jumapili, saa tisa mchana. Wingu limekaa juu ya mlima Kwaraa tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Upepo wa baridi. Nimefunga mlango.

Leo sina kibarua. Nimefua suruali mbili za kazi, nimeanika, hazikauki. Nimekaa kitandani na simu.

Anayesoma hapa mara ya kwanza ajue mimi ni saidia fundi. Nakoroga zege, nabeba matofali, basi. Shule niliishia darasa la nne. Blogu hii alinifungulia binti yangu Neema, ameolewa yuko Mwanza. Alisema baba tangu mama afe huongei na mtu, basi andika. Ndiyo naandika. Herufi zikipinda mnisamehe.

Mke wangu aliitwa Paulina. Jana ametimiza miaka minne tangu afe.

Na jana ilikuwa zamu yangu ya jumuiya. Sisi Wakatoliki wa mtaa huu wa Nakwa tunasali kila Jumamosi asubuhi nyumbani kwa mmoja wetu, tunazunguka nyumba kwa nyumba. Nilimwomba mwenyekiti zamu yangu iangukie jana, ili tumwombee Paulina. Niliazima mabenchi matatu. Nilichemsha chai sufuria kubwa na mihogo. Nilifagia uwanja mara mbili.

Walikuja watu wanne. Mmoja ni mwenyekiti, yeye lazima aje.

Mama Ester hakuja.

Mama Ester ni jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka hapa. Mumewe alikufa zamani. Yeye na Paulina walikuwa wanauza mboga sokoni, meza moja. Paulina alipougua yeye ndiye alikuwa anamwogesha. Alipokufa yeye ndiye aliyemvalisha. Watu wote huku wanamwita marehemu Mama Neema. Mama Ester peke yake anamwita Paulina. Asubuhi akipita kwenda sokoni anapaza sauti pale nje, "Baba Neema, umeamka? Paulina angekuwepo saa hizi ungekuwa umeshafagia!" Halafu anapita zake. Ni hivyo tu. Lakini ukikaa peke yako nyumbani, mtu mmoja akikuita asubuhi, siku inaanza.

Sasa ni wiki ya tatu hapiti mlangoni kwangu. Anazunguka kwa nyuma, kule kwenye mfereji wenye matope.

Kosa ni langu.

Uchaguzi wa diwani ulitugawa. Wagombea walikuwa wengi kwenye karatasi, lakini mtaani tulikuwa tunawazungumza wawili. Mmoja ni mwalimu mstaafu, mtu safi, hana ugomvi na mtu. Wa pili simtaji, Babati ni ndogo. Ana pikapu, ana mashamba Sigino. Kuna mama mmoja kule Sigino shamba lake linapakana na la huyo bwana. Mume wa yule mama alipokufa, bwana akang'oa minyaa, ile miti ya mpaka, akaipanda upya ndani ya shamba la mama. Nimeiona kwa macho yangu, nilikwenda kule kujenga ghala. Mistari ya mahindi ya mama imekatwa katikati na minyaa. Kila mtu anajua. Kesi imelala.

Huyo bwana ndiye ameshinda. Kura chache, lakini ameshinda.

Tangu hapo watu hawasalimiani vizuri. Saiti yetu wote tulikuwa tunakula kwa mama ntilie mmoja. Sasa tunakula kwa wawili, walioshinda kule, walioshindwa huku. Fundi akisema tofali hili limepinda, mtu wa upande wa pili anamjibu, hata kura yako ilipinda. Wanacheka nusu, nusu hawacheki.

Mimi nilikuwa mkali kuliko wote. Nilisema mtu anayekwenda Misa Jumapili, halafu anampa kura mnyang'anyi wa shamba la mjane, ana dhambi. Watu wakaniambia sema amekosea. Nikasema hapana, ana dhambi. Nilisema saiti. Nilisema dukani. Nilisema juu ya bodaboda, mpaka dereva akaniambia, "Mzee shuka, tumefika." Tulikuwa hatujafika.

Halafu nikasema kwenye jumuiya.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza baada ya matokeo, na zamu ilikuwa ya Mama Ester. Nyumbani kwake. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Baada ya somo huwa kuna maombi. Kila mtu anatoa ombi lake kwa sauti, wengine tunaitikia, Ee Bwana utusikie. Mmoja akaomba mvua. Mmoja akamwombea mgonjwa wake. Zamu yangu ikafika. Nikafumba macho nikasema, "Tuwaombee wajane waliompa kura mtu anayekula mashamba ya wajane. Mungu awasamehe dhambi hiyo."

Watu wakaitikia. Ee Bwana utusikie. Mdomo umezoea, unaitikia kabla kichwa hakijasikia. Mama Ester naye aliitikia. Nilimsikia kabisa.



Mjane kwenye chumba kile alikuwa mmoja. Na hakuwahi kuficha kura yake, alisema sokoni mchana kweupe.

Alisubiri sala iishe. Akamimina chai, akazungusha vikombe, na mimi akanipa. Kisha akasimama na birika mkononi.

"Baba Neema, mimi sikumpigia kura awe padri. Nimempigia awe diwani."

Nikamwuliza, na shamba la yule mama je?

"Nalijua. Nilimwambia usoni kwake, mbele ya watu wake, arudishe. Wewe umemwambia lini? Wewe unatuambia sisi."

Nikasema mwalimu ni mtu safi.

"Safi sana. Amekanyaga msiba wa nani? Mtaa huu mtu akizidiwa anapigiwa simu nani, mwalimu?" Akaweka birika chini. "Na Paulina je? Gari lililomtoa hospitali kumleta nyumbani lilikuwa la nani? Ulipanda, hukupanda?"

Nilipanda. Nilikaa nyuma na jeneza, nimelishika lisigonge. Yule bwana mwenyewe ndiye aliyekuwa anaendesha, taratibu, na hakutaka hata asante.

Nilikunywa chai nusu kikombe nikatoka. Watu wakanipisha mlangoni kama mtu mwenye upele.

Wiki nzima nilikuwa nagombana naye kichwani huku nakoroga. Nilikuwa nachota mchanga, namjibu. Nachota kokoto, namjibu. Nilimjibu vizuri sana kichwani. Kwamba mtu akibeba maiti yako haina maana shamba la mwenzako liwe lake. Mpaka leo naona hivyo. Shamba ni la yule mama. Hilo sigeuzi, hata mtaa wote ugeuke.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu. Naliandika hapa.

Mimi sikupiga kura.

Siku ile nilifika shuleni mapema, foleni imeshakuwa ndefu, nikasimama. Kabla sijafika hata nusu fundi akapiga simu. Tajiri mwenye nyumba ameshakodi mashine, kokoto zimeshafika, ni kumwaga slabu, na vibarua wawili hawakutokea. Nikamwambia leo ni uchaguzi. Akasema usipokuja sasa hivi nachukua mtu mwingine, na ukuta atajenga huyo mwingine. Nikawaza vituo vinafungwa saa kumi, nitawahi kurudi. Nikatoka kwenye foleni.

Zege la slabu ukishaanza huachi katikati. Likiganda nusu, limeharibika lote. Tulimaliza saa kumi na moja. Nilipita shuleni na chepe begani. Walikuwa wameshafunga geti.

Jioni ile ile jirani akaniuliza, mbona kidole chako hakina wino? Nikamwonyesha mikono, imechubuka, imepauka. Nikasema saruji imekula wino. Akakubali. Saruji inakula kila kitu, kila mtu anajua. Kesho yake nikasema hivyo hivyo saiti. Nikamwambia na Neema kwenye simu kwamba nimempigia mwalimu. Ukishasema mara tatu unaanza kujiona kabisa umesimama pale na karatasi.

Na ndiyo maana nilikuwa mkali. Nimelifahamu jana tu, nikiwa na sufuria ya chai iliyojaa.

Jana wale wanne walisali. Mwenyekiti aliongoza rozari, anaijua, lakini anakimbiza. Alipofika mahali pa kumtaja marehemu akasema, "Tumwombee Mama Neema." Akasimama. Ananiangalia. Hakumbuki jina la ubatizo. Ikabidi nimtajie mimi, kwenye sala ya mke wangu mwenyewe, kama ninavyotaja jina kwa karani.

Mama Ester ndiye huwa anaongoza siku hiyo. Miaka mitatu yote aliongoza yeye. Huwa anasema Paulina, anasema na vituko vyake kidogo, watu wanacheka, halafu tunalia.

Jana hakuna aliyecheka. Hakuna aliyelia. Walikula muhogo mmoja mmoja wakaaga. Nilirudisha mabenchi peke yangu, moja moja.

Sikulala vizuri.

Leo baada ya Misa sikubadilisha nguo. Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Ester. Nilimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo. Siku nyingine angeniletea kigoda. Leo alisema karibu, akaendelea kuchambua. Nikasimama.

Nikamwambia, "Mama Ester, mimi sikupiga kura."

"Sijakusikia."

"Sikupiga. Niliitwa kwenye zege nikaenda."

Akaangalia mkono wangu. "Na wino ulioliwa na saruji?"

"Hakukuwa na wino."

Akacheka, cheko fupi la puani. "Mimi na mguu huu mbovu nimesimama tangu saa kumi na mbili mpaka saa tano. Jua likanikuta pale pale. Haya, nimechagua mbaya. Wewe ulichagua nani?"

Nikarudisha mikono nyuma.

"Ulichagua zege, Baba Neema. Mwalimu wako kakosa kura chache, na moja ilikuwa yako."

Nikamwambia nisamehe. Akatupa jiwe dogo la kwenye maharage, akasema, "Nimesikia." Hakusema amenisamehe. Nilisubiri aseme. Kuku walipita, tukawaangalia.

Kisha akasema, "Ulinitangaza mwenye dhambi ndani ya nyumba yangu, watu wamejaa. Leo unakuja kuniambia hili uani, mimi na wewe na kuku?"

Akapepeta ungo.

"Na jana usidhani sikumsalia Paulina," akasema. "Nilimsalia. Nilijifungia hapa ndani nikamsalia rozari nzima. Ila kwako sikuja. Ningekuja watu wangesema yameisha, na hayajaisha."

Nikaaga. Alisema haya.

Kwa hiyo jana Paulina alisaliwa nyumba mbili, hatua chache toka moja mpaka nyingine, na sisi tunaomjua vizuri hatukukaa pamoja.

Nimerudi hapa nimefunga mlango. Nawaza anachotaka. Anataka niseme mbele ya watu wale wale. Ni haki yake. Lakini nikisema, najua kitakachofuata. Saiti watanicheka mpaka nyumba ipauliwe. Wa upande wangu watasema nimewauza. Na hilo naweza kubeba. Kinachonitisha ni shamba la yule mama wa Sigino. Watu watasema kama alidanganya kura, na habari ya minyaa ni uongo pia. Nitakuwa nimemwongezea mzigo mama wa watu.

Au natafuta sababu. Inawezekana natafuta sababu tu.

Mtu mwenye mke angemwuliza mkewe. Mimi namwuliza nani? Nimeuliza kwa sauti hapa ndani, nikaona aibu mwenyewe, nikawasha redio.

Neema, najua utasoma hapa kabla ya mtu mwingine. Nilikudanganya kwenye simu. Usinipigie leo, sitaweza kuongea. Nitakupigia mimi.

Jumamosi inayokuja tunasali kwa mwenyekiti. Nitakwenda. Nimeshaamua kwenda, hilo moja nimeamua. Maombi yatafika, kila mtu atatoa lake, zamu itafika kwangu. Sijui kama nitaweza. Nitakaa mbele, mahali ambapo Mama Ester ananiona, ili nikinyamaza anione ninavyonyamaza.