Turubai la Kaka

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Sote hapa nyumbani tunakusalimu, na tunataka kujua kama kile kikohozi kimekuacha, na kama bosi wa ghala amekupa lile koti la lindo au bado anakuahidi tu. Mama hajambo, na mguu wake umepungua uvimbe tangu hewa ibadilike. Mimi pia ni mzima. Nimeamua kukuandikia badala ya kusubiri simu, kwa sababu kwenye simu wewe husema na mimi huitikia ndiyo kaka, ndiyo kaka, mpaka salio linakwisha. Kwenye barua hutaweza kunikatiza.

Nianze na joto. Ulipoondoka lilikuwa linajaribu tu. Baadaye tambarare yote iliungua, nyasi zikawa zinavunjika ukizikanyaga, na bati za nyumba zikawa zinalia mchana kutwa kama mtu anayevunja vidole. Mbwa alichimba shimo chini ya pipa linalovuja, akakataa kutoka hata kwa wageni. Shuleni walisogeza hesabu asubuhi na mapema, maana ikifika saa sita hata mwalimu mwenyewe alikuwa anasahau anachotafuta. Jirani yetu mshonaji aligombana na mumewe, kisa mume amepumua karibu naye.

Nyumba yetu peke yake ndiyo iliyolishukuru jua. Matofali yako mabichi yalikauka vizuri, safu kwa safu, ukiyagonga yanatoa sauti. Watu wakaanza kutuangalia vibaya. Mshonaji alisema kwa sauti, ili tusikie, kwamba kuna watu wameificha mvua uvunguni mpaka wamalize kujenga. Mama akamjibu kwamba mlango uko wazi, aje achungulie, akiikuta aichukue.

Ndipo ulipopiga simu ukasema nisiende shule kwa muda, nibaki kuyageuza matofali na kuyafunika kwa turubai lako lililofungwa vigingini wingu likionekana, mpaka mjomba atakapowasha tanuru. Ulisema msichana akishajua kusoma na kuandika ameshajua ya kutosha. Niliitikia ndiyo kaka. Niliyageuza asubuhi na jioni, na mchana nilikaa kivulini na kitabu cha sayansi. Rafiki yangu Njiti, yule mwembamba ambaye ulisema akisimama ubavu haonekani, alikuwa akiniletea kazi za darasani.

Njiti huyohuyo ndiye aliyenipa habari kwamba kisulisuli cha vumbi kimeng'oa nusu ya paa la darasa letu la watahiniwa. Mwalimu mkuu alitangaza kwamba bati nyingine zimeombwa lakini hazijulikani ziko wapi, madarasa mengine yamejaa, na siku mvua itakapoanza watahiniwa watarudi nyumbani mpaka paa lipatikane. Mtihani ulikuwa umebaki wiki mbili. Njiti alisema kuna waliopiga makofi. Yeye hakupiga, ila mguu wake ulicheza kidogo bila ruhusa.

Siku yenyewe iliamka bila upepo kabisa. Mama alikuwa ameenda kusaga. Mchana niliona kitu pale tambarare inapokutana na mbingu, nikadhani ni moshi wa wachoma mkaa. Kikapanda, kikapanuka, kikawa na rangi ya goti lililovilia damu. Umeme ulikuwa unawaka ndani yake bila sauti. Kisha sauti ikafika, lakini niliisikia kwanza miguuni, ndipo ikaingia masikioni. Unaijua mvua ya kwetu, kaka, haimshtukizi mtu. Unaiona ikitoka mbali, unapata nafasi ya kuanua nguo, kuita watoto, na kufikiri.

Ilipofika ilifika na mawe ya barafu. Matofali yako unajua yaliyoyapata. Yalianza kuvimba pembeni, yakaegemeana kama walevi, na ilipofika jioni uwanja mzima ulikuwa tope. Mama alikupigia simu akakuambia upepo umelichukua turubai kabla sijawahi kulishika. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, nimeloa, natetemeka, na sikusema kitu. Uliutukana ule upepo maneno ambayo Mama alikataa kuyarudia mbele yangu.

Kesho yake mjomba alikuja kuona hasara. Alizunguka uwanja akaviangalia vigingi, vyote vimesimama wima. Akasema amewahi kuona upepo unaokata kamba, lakini huu umefungua mafundo moja moja na kamba umeondoka nazo, kwa hiyo lazima ni upepo uliosoma. Kisha akaniangalia. Mama akamwambia anywe chai kabla haijapoa.

Tangu hapo hali ya hewa imekuwa nyingine. Inanyesha karibu kila alasiri, na usiku tunajifunika blanketi. Vyura wamerudi mtaroni, wanapiga kelele kama wana kikao. Mshonaji na mumewe wanakaa barazani kwenye mkeka mmoja. Kila mtu amepoa, nami nimesubiri nikiamini kwamba na wewe utakuwa umepoa kidogo. Sasa nakuambia.

Haukuwa upepo, kaka. Ni mimi.

Nilifungua mafundo yote, nikalikunja turubai lako, nikajitwika, nikakimbia nalo shuleni. Sitakudanganya kwamba niliyasahau matofali. Niligeuka nikayaangalia, nikaendelea kukimbia. Nilipofika langoni, mwalimu mkuu alikuwa ameshagonga kengele na watahiniwa wanafunga mikoba yao. Sikumsalimia. Nilisema nimeleta paa.

Mwalimu wa hesabu alipanda ukutani na viatu vyake vizuri. Njiti akapanda kenchi, zile mbao za paa zilizobaki, maana ni yeye pekee ambaye zisingelalamika. Fundo la mwisho lilikazwa mawe ya barafu yakiwa yameanza kugonga. Maji yalijaa katikati ya turubai likatoa kitambi, mtu akakisukuma kwa mpini wa fagio, na wote waliokaa nyuma wakaoga. Radi ilikuwa inapiga hata chaki inaanguka ubaoni. Mwalimu aliuliza turubai ni la nani, nikasema la kaka yangu. Darasa zima likapiga kelele, asante kaka! Sijui kama ulisikia huko uliko. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi siku zote zile. Nilikaa kwenye dawati langu, nikafungua daftari.

Hakuna mtahiniwa aliyepoteza hata kipindi kimoja. Darasa lile sasa linaitwa kwa Kaka. Hata mwalimu mkuu juzi alimtuma mtoto akachukue ramani kwa Kaka.

Najua yale matofali ni usingizi wako wa miezi mingi, na kwa hilo roho inaniuma. Lakini sikuombi radhi kwa kulichukua turubai. Nakuomba radhi kwa kukaa kimya wakati upepo unatukanwa, na kwa ile ndiyo kaka ya siku ile. Nilipaswa kusema hapana. Basi naisema leo, kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa wake: hapana kaka, sijajua ya kutosha.

Usimkasirikie Mama. Alisema uongo kwa sababu yangu, na hajui kama nakuandikia.

Udongo wako haujaibwa, uko palepale. Jioni nikitoka shule, mimi na Njiti tunafyatua matofali mapya. Jana tumemaliza safu ya kwanza, tumeifunika kwa mabua. Mjomba anasema tofali linalokauka taratibu kwenye hewa ya baridi halipasuki, kwa hiyo huenda nyumba yako ikawa bora kuliko ile iliyoyeyuka. Turubai litabaki shuleni mpaka karatasi ya mwisho ya mtihani, kisha nitalifua na kukurudishia pamoja na kamba zake. Ukitaka kulifuata kabla ya hapo, utalikuta juu ya vichwa vyetu, na itabidi ubishe hodi.

Msalimie mwenzako wa lindo. Usilale na soksi mbichi, utarudisha kikohozi. Mama anasema ule vizuri, na mbwa, ambaye sasa amehamia jikoni kwa baridi, naye nadhani anakusalimu.

Ni mimi mdogo wako,
wala si upepo.